Kiingereza cha wakati uliopita: kile ambacho -li- na -me- tayari zimekufundisha

Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza akitokea Milanzi, hapa Manispaa ya Sumbawanga, hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Anajifunza Baiolojia, Jiografia na Historia, na papo hapo anajifunza lugha inayofundishia masomo hayo. Miaka saba ya shule ya msingi ilikuwa ya Kiswahili. Sasa vitabu, ubao na mitihani mingi imehamia Kiingereza. Kati ya mambo yanayomkwamisha mapema kabisa ni namna ya kusema jambo lililokwisha kutokea: aandike "went" au "has gone"? "Did not go" au "has not gone"? Na kwa nini mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya "did not went"?

Wengi huambiwa wakariri majedwali. Majedwali yana kazi yake, nasi tutayagusa. Hata hivyo tunaamini kuna njia fupi zaidi, nayo imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili hutenganisha "hakufika" na "hajafika" bila kufikiri, na tofauti hiyo ndiyo hasa Kiingereza kinayoitaka. Makala hii inaeleza jinsi ya kuitumia, na wapi isitumike.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Tuchukue mfano wa zahanati. Kumbukumbu nyingi za wagonjwa nchini huandikwa kwa Kiingereza. Tuseme muuguzi wa mchana anaandika kwamba mgonjwa "did not take the second dose". Muuguzi wa usiku akisoma ataelewa kuwa saa ya dozi ya pili ilipita na mgonjwa hakuinywa. Kama imeandikwa "has not taken the second dose", ataelewa kuwa dozi hiyo bado, huenda ni yeye atakayempa. Kwa Kiswahili tungesema "hakunywa" na "hajanywa", na hakuna ambaye angechanganya. Kwa Kiingereza tofauti iko kwenye maneno mawili madogo, na anayeyachanganya leo darasani anaweza kuwa ndiye muuguzi wa kesho.

Darasani pia hali ni hiyo. Ripoti ya jaribio la Baiolojia huandikwa kwa wakati uliopita: "We added iodine solution to the food sample. The colour changed to blue-black." Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake rangi ikigeuka kuwa bluu iliyokaribia nyeusi, na anayejua kuwa hiyo ni dalili ya wanga, anaweza kushindwa kuonyesha kama anaripoti alichokiona au anatoa maelekezo ya kufanya jaribio. Kwenye Historia mambo ni yale yale, kwa kuwa somo zima linahusu yaliyopita.

Tulifikaje hapa

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Sekondari zilibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kipandishwe hadi sekondari na baadaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye, 1984, wataalamu Criper na Dodd walichunguza Kiingereza katika shule za Tanzania na kuona kuwa kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari zimeendelea na Kiingereza.

Mjadala huo ni mrefu na una hoja nzito pande zote. Mwanafunzi wa leo, hata hivyo, hawezi kuusubiri uishe. Upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne vitamkuta alipo, na hapo ndipo sisi tunataka kumsaidia.

Kila lugha hukata wakati kwa kisu chake

Jambo la kwanza la kuondoa kichwani ni wazo kwamba lugha zote zina wakati uliopita mmoja unaofanana, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kubadilisha maneno tu. Kibemba, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kina njia tofauti za kusema lililotokea leo, lililotokea jana na lililotokea zamani. Kibemba na Kifipa ziko katika kanda moja, kanda M, kwenye uainishaji wa lugha za Kibantu uliofanywa na Malcolm Guthrie. Wewe unayezungumza Kifipa nyumbani, jaribu kusema "tulilima leo asubuhi" na "babu zetu walilima hapa", kisha sikiliza kama kitenzi kinabaki vile vile.

Kiingereza hakijali umbali huo. "I saw him this morning" na "The Maji Maji War began in 1905" zina wakati ule ule, ingawa moja ni ya saa chache zilizopita na nyingine ina zaidi ya karne. Kinachokijali Kiingereza ni swali jingine: je, jambo limefungwa katika muda uliokwisha, au bado linaigusa sasa?

Lililofungwa katika muda wake huchukua wakati ambao vitabu vya shule huuita "simple past": "Rukwa became a region in 1974." Rukwa ilikuwa mkoa mwaka 1974, tarehe ipo, mlango umefungwa. Linaloigusa sasa huchukua "present perfect", yaani "have" au "has" ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi: "The rains have started." Mvua zimeanza, tutoke tukapande.

Ukitazama haraka utasema: basi -li- ni "simple past" na -me- ni "present perfect". Mara nyingi ni kweli. Tatizo ni kwamba -me- ya Kiswahili ina uhuru ambao "have" haina. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema "Mgeni amefika jana" na asishangaze mtu. Kwa Kiingereza "The guest has arrived yesterday" ni kosa. "Yesterday" inafunga mlango, "has" inataka uwe wazi, na viwili hivyo haviwezi kukaa katika sentensi moja. Sahihi ni "The guest arrived yesterday."

Kipimo cha ukanushi

Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa chombo. Unapokuwa na shaka kati ya "arrived" na "has arrived", usitazame sentensi yakinishi. Ikanushe.

"Mgeni amefika jana." Kanusha. Je, utasema "Mgeni hajafika jana"? Hapana, ulimi unakataa. Utasema "Mgeni hakufika jana." Umepata "haku-", kwa hiyo Kiingereza kinataka "did not", na yakinishi yake ni "arrived". Kiambishi -me- kilikuwa kimevaa nguo za -li-, na ukanushi umemvua.

"Mgeni amefika, yuko sebuleni." Kanusha: "Mgeni hajafika." Umepata "haja-", kwa hiyo Kiingereza kinataka "has not", na yakinishi yake ni "has arrived".

Tujaribu kwa mambo ya kwetu. Nyanda za juu za Ufipa zina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mkulima akisema mwishoni mwa Novemba "Mvua haijanyesha", bado ana tumaini na anatazama mawingu: "It has not rained yet." Akisema mwezi Juni "Mwaka huu mvua haikunyesha vizuri", anahesabu hasara: "It did not rain well this year." Shamba ni lile lile na mkulima ni yule yule, ila msimu umefungwa, na kitenzi kimefungwa pamoja nao.

Kanuni basi ni hii. Ukikanusha ukapata "sikusoma, hakusoma, hatukusoma", tumia "did not" na yakinishi yake ya "simple past". Ukipata "sijasoma, hajasoma, hatujasoma", tumia "have not" au "has not" na yakinishi yake. Neno "bado" likikubali kuingia, kama katika "hajasoma bado", ni ushahidi zaidi wa "has not… yet". Kadhalika "hajawahi" huenda na "never": "Hajawahi kufika Dodoma" ni "She has never been to Dodoma." Nayo "amekwisha" au "amesha-" huenda na "already": "Wameshavuna" ni "They have already harvested."

Mahali kipimo kinapokoma

Kipimo hiki kina mpaka. Kiswahili hutumia -me- pia kueleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi. "Amechoka", "amelala", "amesimama", "amekaa", "amevaa koti", "amekufa": hapa hatusimulii tendo, tunaeleza mtu alivyo. Kiingereza hutumia "is": "He is tired", "he is asleep", "he is standing", "he is sitting", "he is wearing a coat", "he is dead." Mwanafunzi anayeandika "The child has slept" akitaka kusema mtoto yuko usingizini, ameeleza jambo jingine, yaani kwamba mtoto amepata usingizi wake na huenda sasa yuko macho.

Ili usinaswe, jiulize kabla ya kukanusha: je, nikimtazama mtu huyu sasa, nitamwona katika hali hii? Kama jibu ni ndiyo, anza na "is" au "are". Kama unaeleza tendo, nenda kwenye kipimo.

Pia kuna mambo yaliyoanza zamani na yanaendelea hadi leo. Kiswahili husema "Naishi Milanzi tangu 2019", kwa wakati uliopo. Kiingereza kinadai "I have lived in Milanzi since 2019." Kuandika "I live in Milanzi since 2019" ni kosa la kawaida kwa sababu limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili sahihi. Shika hivi: "since" hutaja mwanzo, kama mwaka au siku, na "for" hutaja urefu wa muda. "Rukwa has been a region since 1974." "She has taught here for six years." Akiwa ameshahama, mlango umefungwa: "She taught here for six years." Neno "for" halikubadilika, kilichobadilika ni kwamba mwalimu hayupo.

"Did not went" ni sawa na "hakulikwenda"

Walimu wa Kiingereza hupambana na kosa hili mwaka hadi mwaka, na wanafunzi huliona kama ukorofi wa Waingereza. Tulitazame kwa Kiswahili.

"Alikwenda" ina -li-, alama ya wakati uliopita. Ukikanusha unapata "hakwenda". Ile -li- imekwenda wapi? Imeondoka. Sasa kazi ya kuonyesha kwamba jambo limepita inafanywa na -ku- ya ukanushi, na ndiyo maana hata mtoto mdogo hasemi "hakulikwenda". Alama ya wakati ikishakaa mahali pamoja, hairudiwi.

Kiingereza hufanya vile vile. Katika "She went", alama imo ndani ya kitenzi. Ikija "did", alama inahamia hapo, na kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kwanza: "She did not go." "Did she go?" Maswali hufuata kanuni hiyo hiyo: "Where did you buy it?", si "Where did you bought it?" Ukijisikia unataka kuandika "did not went", jiambie kimoyomoyo "hakulikwenda". Sikio lako litakusahihisha.

Kitenzi "be" hakihitaji "did". Kinajikanusha chenyewe: "was not", "were not". "I was at home", "we were not at school", "Were you sick?" "Was" ni ya "I, he, she, it", na "were" ni ya "you, we, they".

Unaposimulia: kosa linalotokana na -ka-

Kiswahili kina kiambishi kitamu cha kusimulia. "Alikwenda sokoni, akanunua maharage, akarudi." Baada ya -li- ya kwanza, -ka- inabeba hadithi hadi mwisho bila kutaja wakati tena. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho. Mwanafunzi anayetafuta kitu cha kuweka badala ya -ka- huandika "She went to the market, buy beans and come back", kwa sababu kichwani mwake wakati umeshatajwa mara moja na imetosha.

Kwa Kiingereza kila kitenzi hubeba mzigo wake: "She went to the market, bought beans and came back." Kwa hiyo unapoandika insha ya kusimulia, kila mahali ambapo Kiswahili kingeweka -ka-, weka "simple past". Njia rahisi ya kujikagua ni kupiga mstari chini ya kila kitenzi baada ya kumaliza aya, kisha kuangalia kimoja kimoja.

Lililokuwa likiendelea, na lililotangulia

Nyakati mbili zilizobaki ni rahisi kwa Mswahili kuliko zinavyoonekana, kwa sababu zina pacha wao.

"Alikuwa akipalilia mvua ilipoanza" ni "She was weeding when the rain started." Palizi ilikuwa ikiendelea, mvua ikaingia kati. Kiswahili "alikuwa aki-" au "alikuwa ana-" na Kiingereza "was" pamoja na "-ing" hutembea pamoja.

"Tulipofika Laela, basi lilikuwa limeondoka" ni "When we reached Laela, the bus had left." Hapa kuna matukio mawili yaliyopita, na moja lilitangulia. Kiswahili hutumia "lilikuwa lime-", Kiingereza hutumia "had". Linganisha na "When we reached Laela, the bus left", ambayo maana yake ni kwamba tulifika, basi nalo likaondoka. Pengine tulimo ndani. Neno moja ndilo linaloamua kama msafiri wa kwenda Tunduma amesafiri au amelala njiani.

Tahadhari moja: "had" haina maana ya "zamani sana". Wanafunzi wengi huandika "In 1905 the war had begun" wakidhani "had" inaongeza umri wa tukio. "Had" inahitaji tukio jingine lililopita la kupimwa nalo. Kama hakuna, "simple past" inatosha.

Kwa desturi iliyokuwapo na sasa haipo, Kiingereza kina "used to". Mafundi wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu. Kazi hiyo imekoma, kwa hiyo: "Fipa smiths used to smelt iron in tall clay furnaces." Katika kukanusha, alama huhamia tena kwenye "did": "They did not use to buy hoes."

Na pale ambapo mtendaji hatajwi, usisahau "was" au "were". "Shule ilijengwa" ni "The school was built". Kiambishi -w- ni kidogo na ni rahisi kukisahau unapovuka, ndipo tunapata "The school built in 2006", kana kwamba shule ilishika mwiko na saruji.

Vitenzi vyenyewe: sikio kwanza, jedwali baadaye

Vitenzi vingi vya Kiingereza huchukua "-ed": "work, worked", "carry, carried", "stop, stopped". Shida kubwa iko katika kutamka. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo sikio letu halijazoea konsonanti zinazogongana mwishoni mwa neno. Ama tunaimeza sauti hiyo, tunasema "work", ama tunaongeza irabu, tunasema "wokedi". Aliyeimeza mdomoni huimeza na kwenye daftari, akaandika "I work in Laela last year."

Matamshi ya "-ed" ni matatu. Baada ya sauti kama k, p, s na sh, husikika kama t: "worked, helped, washed". Baada ya irabu na sauti kama l, n, v na b, husikika kama d: "played, cleaned, lived". Baada ya t au d tu ndipo huongeza silabi nzima: "wanted, needed, planted". Soma makundi haya kwa sauti hadi mdomo uyazoee.

Halafu kuna vitenzi visivyofuata kanuni hiyo. Vinavyotumika sana havizidi mia mbili hivi, na havikutawanyika ovyo. Vingine havibadiliki: "cut, cut, cut", "put, put, put". Vingine huishia kwa sauti moja: "buy, bought", "bring, brought", "think, thought", "teach, taught", "catch, caught". Vingine hubadilisha irabu ya katikati mara mbili: "sing, sang, sung", "drink, drank, drunk", "begin, began, begun". Vingine humalizia na "n": "write, wrote, written", "speak, spoke, spoken", "eat, ate, eaten". Jifunze kwa familia, si kwa alfabeti. Vitano vya familia moja hukaa kichwani kuliko vitano vilivyookotwa. Angalia pia "read, read, read": huandikwa sawa, lakini cha pili na cha tatu hutamkwa "red".

Na "went"? Hiki kilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kingine, "wend", na "go" ikakichukua kikawa chake. Hakina mantiki ya kutafuta. Kina historia tu. Vitenzi vipya vinavyoingia katika Kiingereza leo karibu vyote huchukua "-ed", kwa hiyo orodha ya vile vigumu haikui. Baadhi vimekwisha hata kulegea: "help" zamani ilikuwa "holp", leo ni "helped".

Zoezi la bure: taarifa ya habari

Kuna darasa linalofunguliwa kila saa na halidai ada. Sikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili, hapa kwetu au kwingineko, na uzingatie vitenzi. Mara nyingi sentensi ya kwanza huja na -me-: "Serikali imetangaza…" Hiyo ni kwa sababu habari ni mpya na inamgusa msikilizaji sasa. Sentensi zinazofuata hugeukia -li-: "Waziri alisema hayo Jumatatu alipokutana na…" Sasa tunaingia katika undani, wenye siku na mahali.

Taarifa ya Kiingereza hutumia mpangilio huo huo. Hufungua na "The government has announced…", kisha hushuka kwenye "The minister said on Monday…" Msikilizaji anayejua habari hiyo kwa Kiswahili ataweza kufuata mlango ukifunguliwa na kufungwa, hata kama maneno mengine yanampita. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza Kiingereza cha polepole chenye msamiati wa takribani maneno 1,500 kwa ajili ya wanaojifunza, kwa kuwa sikio hujifunza sarufi kabla ya kalamu.

Fanya hivi kwa wiki moja. Chagua habari moja kwa siku. Andika sentensi tatu za Kiswahili ulizozisikia. Zikanushe zote. Penye "haku-" andika "did", penye "haja-" andika "has" au "have". Kisha andika Kiingereza chake. Wazazi wasiojua Kiingereza wanaweza kusaidia pia, na hii ndiyo faida kubwa ya njia hii: hatua ya kukanusha ni ya Kiswahili kitupu. Mama au bibi anaweza kumsikiliza mtoto na kumwambia, "Mwanangu, hatusemi hajafika jana."

Unaposahihisha kazi yako

Kabla ya kukabidhi insha au karatasi ya mtihani, pitia mambo haya kwa mpangilio:

Je, kuna neno linalofunga muda, kama "yesterday", "last year", "ago", "in 1961"? Basi ondoa "have" au "has". "Tanganyika became independent on 9 December 1961", si "has become".

Je, kuna "did"? Kitenzi kinachofuata kiwe katika umbo la kwanza.

Je, kuna "since"? Mara nyingi itataka "have" au "has" katika sehemu kuu ya sentensi.

Je, kuna "had"? Tafuta tukio la pili lililopita. Usipoliona, tumia "simple past".

Je, kila kitenzi ambacho Kiswahili kingekipa -ka- kimevaa wakati uliopita?

Orodha hii haitamfanya mtu azungumze Kiingereza kwa ufasaha kwa siku moja. Kusoma vitabu, kusikiliza na kuandika mara kwa mara ndiko kutakakofanya hivyo. Lakini mwanafunzi wa Milanzi anayeikagua sentensi yake kwa Kiswahili kabla ya kuiandika kwa Kiingereza hapotezi muda, wala hajifungi katika lugha ya nyumbani. Anapima kwa kipimo anachokijua kitu ambacho bado anakijifunza. Until 2012, Katavi was part of Rukwa. Since then, it has been a separate region. Zisome tena sentensi hizo mbili, uzikanushe kwa Kiswahili, na useme ni ipi inayosema "haku-" na ni ipi inayosema "haja-".